BMW 326, Mercedes-Benz 230 au Opel Kapitän: uchague ipi?

Anayetafuta gari la Kijerumani la miaka ya 1930 la hadhi ya mkurugenzi, yaani si jumba la magurudumu kama Horch au Maybach wala si kigari cha karani, mwishowe hubaki na majina matatu mkononi: BMW 326, Mercedes-Benz 230 na Opel Kapitän. Yote matatu yana injini ya silinda sita, breki za haidroliki na nguvu ya farasi 50 au 55. Kwenye karatasi ni ndugu. Yapandishe kwenye jeki uyatazame kwa chini, utakuta magari matatu yaliyojengwa kwa mawazo matatu tofauti kabisa, na uchaguzi wa kweli unafanyika huko chini.

Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja. Usichague kwa nembo wala kwa injini; chagua kwa kile kinachobeba bodi. Hicho ndicho kitakachoamua utamhitaji fundi wa aina gani, utatoa pesa kiasi gani, na kama gari litarudi barabarani au litalala gereji mpaka watoto wako waote mvi.

Kwanza tuelewe magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya nani. BMW 326 ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Berlin, Februari 1936, bei yake ilikuwa Reichsmark 5,500, pesa ya Ujerumani ya enzi hizo. Mwaka ule mfanyakazi wa kawaida Ujerumani alipata kwa wastani Reichsmark 1,800 hivi kwa mwaka mzima. Kwa hiyo hata angefunga mdomo asile wala asipange nyumba, angehitaji miaka mitatu ya mshahara. Mercedes-Benz 230 ilikuwa ghali kidogo kuliko hiyo, karibu Reichsmark 6,000. Wanunuzi walikuwa madaktari, mawakili, wenye viwanda, mameneja wa benki. Kisha mwaka 1939 Opel ikaleta Kapitän kwa Reichsmark 3,975, na hesabu nzima ya soko ikavurugika: silinda sita na nafasi ya familia kwa pesa pungufu ya BMW kwa zaidi ya Reichsmark 1,500.

Mambo mawili zaidi yaliyasukuma magari haya yawe yalivyo. Mwaka 1933 serikali iliyafutia kodi magari mapya, na watu wenye uwezo wakaanza kununua. Halafu tarehe 19 Mei 1935 kipande cha kwanza cha barabara kuu mpya kati ya Frankfurt na Darmstadt kikafunguliwa. Kabla ya hapo, dereva alikanyaga mafuta dakika chache tu, mara mji, mara kona, mara gari la ng'ombe mbele. Sasa aliweza kukanyaga saa nzima bila kuachia. Injini nyingi za zamani hazikustahimili; beringi ziliungua, maji yalichemka. Kizazi cha 326, 230 na Kapitän ndicho cha kwanza kulazimika kujibu swali hilo, na kila kiwanda kilijibu kwa namna yake.

Namba zenyewe nizitaje haraka. BMW ina sentimita za ujazo 1,971, farasi 50, na mwendo wa juu wa kilomita 115 kwa saa. Benzi ina 2,229, farasi 55, kilomita 116. Opel ina 2,473, farasi 55, na inakaribia kilomita 120. Leo hakuna atakayeihisi tofauti hiyo akiwa nyuma ya usukani. Yanayohisika ni haya yafuatayo.

BMW 326: gari la anayependa kuendesha mwenyewe

BMW iliingia kwenye magari mwaka 1928 kwa kununua kiwanda cha Dixi mjini Eisenach, kilichokuwa kikitengeneza Austin Seven ya Kiingereza kwa leseni. Miaka minane baadaye, kiwanda kilekile kilitoa 326, BMW ya kwanza ya milango minne. Mhandisi Fritz Fiedler alishughulikia mitambo, na Peter Szymanowski akachora umbo. Mimi huliona umbo hilo kuwa safi kuliko yote ya daraja lake: pua inayolala nyuma kidogo, grili mbili ndefu za kusimama, na mgongo unaoteremka bila kukatika.

Uzuri wake mkubwa hauonekani mpaka ulale chini. Fremu imetengenezwa kwa chuma kilichokunjwa na kufungwa kama sanduku, si reli za wazi kama za lori. Haipindi kirahisi. Nyuma hakuna springi za majani. Kuna fito za chuma zinazolala kwa urefu wa gari. Ncha moja ya kila ufito imefungwa kwenye fremu, nyingine imeshika mkono unaobeba ekseli. Gurudumu likipanda tuta, ufito unajisokota, likishuka, unajifungua. Hakuna majani yanayosuguana na kukwama kwa kutu, kwa hiyo gari linakwenda laini hata baada ya kulala muda mrefu. Na kwa kuwa ekseli ya nyuma ni ya kipande kimoja, magurudumu mawili husimama wima kwenye kona. Unajua gari litafanya nini kabla halijafanya.

Kama unataka ushahidi wa ubora wa fremu hiyo kutoka kwa watu wasio na sababu ya kuisifu, tazama Uingereza baada ya vita. Kampuni ya Bristol, watengenezaji wa ndege, walipotaka kuunda gari lao la kwanza, Bristol 400 ya mwaka 1947, walichukua fremu ya aina ya 326 wakaiwekea injini iliyotokana na ile ya BMW 328, gari la michezo la kampuni hiyohiyo. Wahandisi wa ndege hawakubali chuma kinachocheza.

Sasa kasoro. Gia ya kwanza na ya pili zina kifaa kinachoruhusu magurudumu kuzunguka huru ukiachia mafuta. Faida yake ni kwamba mjini unabadilisha kati ya gia hizo mbili bila kusumbuka. Hasara yake utaijua kwenye mteremko mkali: ukiingiza gia ya pili ukitegemea injini ikushikilie, haikushikilii. Gari linateleza na kazi yote inabaki kwa breki. Mtu aliyezoea kushuka mlima kwa gia ndogo lazima ajifunze upya, na ni lazima breki ziwe nzima kabisa kabla ya kutoa gari hili nje ya mji.

Kasoro ya pili ni ile sanduku yenyewe. Maji yakiingia ndani ya fremu hayatoki, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku chuma kimebaki unene wa bati la paa. Chukua nyundo ndogo, gonga fremu taratibu kutoka mbele hadi nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu, fupi. Ukifika mahali sauti inakuwa nzito na iliyokufa, simama hapo, weka alama ya chaki, endelea. Ukimaliza na alama zaidi ya tatu au nne, bei ishuke sana au uondoke.

Bodi zilitoka Berlin, kwa Ambi-Budd, tawi la kampuni ya Kimarekani ya Edward Budd iliyofundisha Ulaya kupiga bodi za chuma kwa mashine kubwa. Kwa hiyo vipande ni vya chuma kitupu, na fundi mzuri wa kuchomelea anavielewa. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 15,900 hadi mwaka 1941, zikiwemo za kufungua paa zilizojengwa na Autenrieth wa Darmstadt.

Mercedes-Benz 230: gari la anayeketi nyuma

Hapa nazungumzia 230 ile yenye namba ya kiwanda W143, iliyotoka kabla ya vita, si 230 za miaka ya 1960 wala 1970. Iliundwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa na dereva, au aliyetaka aonekane kama anaye. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 3,050, ilhali wa BMW ni 2,750. Sentimita hizo 30 zote zimekwenda kwenye miguu ya abiria wa nyuma. Kama utalitumia gari kwenye harusi na sherehe, au una wazazi wenye umri mkubwa unaotaka kuwatembeza, jambo hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Fremu yake ni ya mabomba ya umbo la yai yaliyopishana kama herufi X katikati ya gari. Ni kazi nzuri, na mabomba hayo ni rahisi kuyakagua kuliko sanduku la BMW. Juu ya fremu hiyo ndipo tatizo lilipo. Benzi za enzi hizo bado zilitumia mbao ndani ya bodi, kama mifupa chini ya ngozi ya bati. Mbao zikioza, milango inashuka, haifungi sawasawa, na kila ukirekebisha bawaba inashuka tena. Fundi wa chuma hawezi kukusaidia hapo. Unahitaji seremala mwenye mkono wa kuchonga vipande vyenye mikunjo miwili mitatu kwa mpigo, na Ulaya ya leo seremala wa aina hiyo hulipwa vizuri sana. Fungua kila mlango, unyanyue juu kwa mkono, usikie kama unacheza. Sukuma kidole chini ya kapeti kwenye kona za sakafu. Mbao nzima inakataa, iliyooza inapokea.

Injini yake ni ya vali za pembeni. Vali zimesimama ubavuni mwa silinda, na kichwa cha injini ni kifuniko bapa tu. Haipumui vizuri, na ndiyo maana sentimita za ujazo 2,229 zinatoa farasi 55 tu wakati BMW, kwa ujazo mdogo zaidi lakini ikiwa na vali za juu na kabureta mbili, inatoa 50. Lakini injini hii ni kimya mno, inavumilia petroli duni, na fundi yeyote mwenye akili timamu anaweza kuifungua na kuifunga. Hakuna kabureta mbili za kulinganisha kila mara.

Lipo jambo moja ambalo lazima mnunuzi alijue. Magurudumu ya nyuma yako kwenye ekseli mbili nusu zinazobembea, kila moja ikikunjika karibu na difu. Kwenye barabara mbovu ni raha tupu, kila gurudumu linafuata shimo lake. Kwenye kona kali ni hadithi nyingine. Ukiingia na mwendo halafu ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, nyuma ya gari inanyanyuka, gurudumu la nje linakunjia chini yake, na mkia unataka kutangulia. Dereva wa Benzi hii hupunguza mwendo kabla ya kona, kisha anakanyaga kidogo na kuendelea kukanyaga mpaka atoke. Ukiendesha hivyo halitakusaliti. Kijana mwenye haraka asipewe ufunguo.

Zilitoka zaidi kidogo ya 20,000, na ina faida moja kubwa: Mercedes-Benz wametunza kumbukumbu za magari yao kwa bidii, na mwenye gari anaweza kuuliza hifadhi yao Stuttgart gari lake lilitoka kiwandani likiwa na nini.

Opel Kapitän: gari lililotangulia wakati wake

Opel ilikuwa mali ya General Motors ya Marekani tangu 1929 ilipouza hisa nyingi, na mwaka 1935 ilitoa Olympia, gari la Kijerumani la kwanza la viwango vikubwa lisilo na fremu kabisa. Bodi yenyewe ndiyo fremu: sakafu, nguzo, paa na mbavu zimechomelewa pamoja zikawa kitu kimoja kinachobeba injini na magurudumu. Kapitän, iliyozinduliwa kwenye maonyesho ya Geneva mwaka 1939, ilipeleka wazo hilo kwenye gari la silinda sita.

Magari karibu yote tunayopanda leo yamejengwa hivyo, kwa hiyo ukikaa kwenye Kapitän unahisi kitu unachokifahamu. Sakafu iko chini, mlango unafungwa kwa mshindo wa gari la kisasa, gari zima linatembea kama kipande kimoja. Injini yake ina vali za juu, kabureta moja, na gia ni tatu tu kwa sababu haihitaji zaidi. Inavuta kuanzia mwendo wa chini bila kulalamika. Nyuma ina springi za majani za kawaida kabisa, ambazo kila fundi wa lori anazijua kwa jina.

Nimepiga hesabu moja ambayo ninaipa uzito kuliko namba zote za farasi. Pistoni ya BMW inasafiri milimita 96 kila ikipanda na kila ikishuka; ya Benzi 90; ya Opel 82. Injini zote tatu zikizunguka mara 3,500 kwa dakika, pistoni ya BMW inakimbia kwa wastani wa mita 11.2 kwa sekunde, ya Benzi 10.5, ya Opel chini kidogo ya 9.6. Kwa safari fupi haina maana. Kwa saa mbili mfululizo kwenye barabara kuu, pistoni inayokimbia polepole ndiyo inayochelewa kulika na kupata joto. Opel walitengeneza injini pana na fupi, na Wajerumani waliendelea kuitumia kwenye Kapitän mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Injini mbaya haiishi miaka 20 sokoni.

Na sasa adui wake: kutu. Kwenye BMW au Benzi, kutu kwenye kizingiti cha mlango ni aibu. Kwenye Kapitän ni ugonjwa wa uti wa mgongo, kwa sababu kizingiti hicho ndicho kinachoshika mbele na nyuma visiachane. Fanya hivi. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja, weka jeki chini ya sehemu ya katikati, inua kidogo mpaka tairi la nyuma linyanyuke. Kisha jaribu kufunga milango. Ikifunga kama mwanzo, mifupa ni mizima. Ikigoma au ikisugua nguzo, bodi inapinda, na hapo hununui tena gari, unanunua kazi ya kuchomelea ya miezi mingi inayodai kwanza kutengeneza nondo za kulishika gari lisibadilike umbo. Pita pia na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba juu ya vizingiti na matao ya magurudumu. Mahali isiposhika ni plasta ya kuzibia.

Kapitän za kabla ya vita hutambulika kwa taa zake zenye kingo sita. Zile za kuanzia 1948, uzalishaji uliporudi kwenye kiwanda cha Opel mjini Rüsselsheim, zina taa za mviringo na kwa mengine karibu ni zilezile. Wauzaji wengine hutumia kufanana huko. Kama unalipia gari la 1939, tazama taa, kisha tazama namba ya chesisi, kisha tazama karatasi, na vyote vitatu viseme lugha moja.

Wengine waliokaribia

Adler 2.5 ya mwaka 1937 inavutia macho kuliko zote, na kwa kilomita 125 kwa saa ilikuwa na mbio kuliko zote tatu. Karl Jenschke aliiunda kwa umbo la kukata upepo hasa kwa ajili ya barabara kuu mpya. Lakini zilitengenezwa chache, na Adler hawakurudi kwenye magari baada ya vita. Kioo cha mbele kikivunjika umeishiwa. Ipendeni, msiinunue, isipokuwa kama imekamilika kila kitu.

Opel Admiral ina injini ya lita 3.6 na farasi 75, injini ileile ya lori la Opel Blitz, kwa hiyo spea za injini si shida kubwa. Bodi ndiyo shida, maana zilitoka 6,400 hivi tu. Na Mercedes-Benz 260 D ya 1936, gari dogo la kwanza la dizeli kutengenezwa kwa ajili ya soko, ina heshima yake kubwa ya kihistoria: farasi 45, karibu 2,000 zilizotengenezwa, na madereva wa teksi walioipenda kwa kutokula mafuta. Nenda kaitazame kwenye jumba la makumbusho Stuttgart. Mwendo wake wa chini ya kilomita 100 kwa saa, kelele na bei ya leo vinaifanya kuwa gari la wakusanyaji, si la kusafiria.

Spea, usukani na karatasi

Kwenye spea, Opel inaongoza kwa sababu niliyokwisha kuitaja: injini moja kwa miaka mingi. BMW inafuata, na kisa chake ni cha pekee. Eisenach ilibaki upande wa Wasovieti mwaka 1945, na kiwanda kikaendelea kutoa magari ya BMW bila BMW yenyewe ya Munich, kwanza 321, kisha 340, iliyotokana na 326. Munich walipinga matumizi ya jina, na mwaka 1952 magari ya Eisenach yakaitwa EMW. Zaidi ya 20,000 za 340 zilitoka, nyingi zikiwa na injini ya jamaa moja na ile ya 326. Hii ni baraka na mtego. Baraka, kwa sababu vipande vya injini vilibaki vikitengenezwa mpaka 1955. Mtego, kwa sababu 326 nyingi leo zina injini ya 340 na muuzaji hasemi. Si dhambi kuwa nayo, ila bei ionyeshe. Benzi ni ya tatu kwa wepesi wa kupata spea na ya kwanza kwa bei yake.

Anayefikiria kulipeleka gari nyumbani azingatie usukani. Magari haya kwa kawaida yana usukani kushoto. Congo, Rwanda na Burundi halitakusumbua; Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na kuipita lori ukiwa umekaa ukingoni bila kuona mbele ni kuomba ajali. BMW ndiyo yenye mlango wa kutokea hapo: kampuni ya Uingereza ya Frazer Nash iliziuza kwa jina la Frazer Nash-BMW, na za kule usukani wake uko kulia. Ni chache na ghali, lakini zipo. Kabla ya yote, uliza mamlaka ya nchi yako kuhusu kuingiza gari la umri huo.

Wanaoishi Ujerumani wana wepesi wao. Gari lililotimiza miaka 30 likiwa katika hali yake ya asili linaweza kupata namba inayoishia na herufi H, na kodi yake ni euro 191.73 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini. Epuka petroli ya E10; kileo kilichomo hula mipira na gasketi za zamani. Badilisha mipira yote ya mafuta kabla ya safari ya kwanza.

Kuhusu karatasi, nina ombi kwa kila mnunuzi, na nalisema kwa uzito wote. Magari haya yalinunuliwa na watu wa tabaka ambalo ndani yake walikuwemo madaktari na mawakili wengi wa Kiyahudi. Tarehe 3 Desemba 1938 serikali ya Wanazi iliwafutia Wayahudi leseni za udereva na vibali vya magari, na magari yao yakauzwa kwa bei ya kutupa au kuchukuliwa tu. Vita vilipoanza, jeshi likachukua mengi ya yaliyobaki kwa raia, na Kapitän hasa ikawa gari la maofisa. Kwa hiyo gari la 1936 au 1937 lenye jina la mwenyewe wa kwanza, kisha pengo kubwa katikati ya karatasi, ni gari lenye swali. Uliza nani alikuwa nalo kabla ya 1939. Muuzaji akikasirika kwa swali hilo, tafuta muuzaji mwingine.

Kwa hiyo ipi?

Kama pesa yako ni ya wastani, unamjua fundi mzuri wa kuchomelea, na unataka kulitumia gari kila wiki badala ya kulifunika shuka, nunua Kapitän, tena iliyo kavu, hata kama rangi imechakaa na viti vimechanika. Rangi na viti vinarudishwa. Usinunue Kapitän iliyopakwa rangi juzi bila picha za kazi iliyofanyika chini yake.

Kama unataka gari la sherehe na la kuwabeba wazee kwa heshima, huna haraka, na mfuko unaruhusu seremala, 230 ndiyo yako. Hakuna kati ya hizi inayopokea mgeni mlangoni vizuri kama hiyo.

Mimi moyo wangu uko kwa 326. Ina farasi wachache kuliko wenzake, lakini kila farasi anafika barabarani, na kona inayoifanya Benzi isite inaifanya BMW ifurahi. Kwa anayependa kushika usukani mwenyewe, ni bora kulipa zaidi kwa 326 yenye fremu iliyopita mtihani wa nyundo kuliko kununua mbili zilizooza za kuungaunga. Ukienda kuijaribu, mwombe mwenye gari akupeleke kwenye barabara yenye mteremko, uingize gia ya pili na kuachia mafuta, kisha ushike breki mara moja kwa nguvu ya kawaida. Gari lisimame kwenye mstari, pedali isizame, na usukani usivute upande wowote. Likifanya hivyo, anza kuzungumza bei.